Psycho haikukosa rangi kwa sababu ya uzamani

Jamani hii ya kusema eti Psycho, ile muvi ya kutisha ya 1960, haina rangi kwa sababu enzi hizo rangi hazikuwepo, sio kweli kabisa. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alishatoa muvi ya rangi tangu 1948, na Vertigo yake ya 1958 rangi zake zinawaka mpaka leo. Aliamua mwenyewe, bajeti ilikuwa ndogo, kama dola laki 8 hivi, halafu damu nyekundu pale mwanamke anapochomwa kisu bafuni watu wasingeivumilia. Ile damu inayozunguka kwenye tundu la maji ni sharubati ya chokoleti! Na muziki wa Bernard Herrmann ni vyombo vya nyuzi tu, vayolini zinakwaruza kama mtu anapiga mayowe, hakuna ngoma wala tarumbeta. Mi pazia la bafuni likivutwa tu najikunja kwenye kochi, kila mara.