Gari la umeme likikataa kuondoka, usikimbilie kulaumu betri kubwa

Anayetafuta Nissan Leaf iliyotumika Nakuru au Kisumu huonywa kwamba betri hufa ghafla na gari kubaki chuma chakavu. Si kweli. Betri kubwa, ile inayoendesha gari, hupungua uwezo wa kubeba chaji polepole. Kwenye dashibodi, pembeni mwa vipimo vya chaji, kuna vijistari 12 vyembamba vya uwezo. Cha kwanza huzimika uwezo ukishuka hadi takriban asilimia 85, vingine kila baada ya asilimia 6 hivi. Vihesabu hivyo kabla ya kutoa pesa.

Kinachokufa ghafla mara nyingi ni betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti. Ikichoka, taa za onyo huwaka ovyo na gari likagoma, ilhali betri kubwa imejaa! Ipime gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni nzuri. Chini ya 12, ichaji, na ikishuka tena ibadilishe.

Adui halisi wa betri kubwa ni joto. Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo betri ya gari lililojazwa pomoni na kuachwa kutwa kwenye jua la Kisumu huchakaa mapema. Siku za kawaida ishia asilimia 80. Ijaze kabisa asubuhi ya kupanda Mau Summit.