Kesho Naleta Mbuzi Darasani

Jumatatu moja niliwaambia watoto wa Gredi ya Tano, "Kesho nitaleta mbuzi darasani." Vigelegele vilivyozuka vilimtoa mwalimu wa chumba cha pili aje kuchungulia dirishani. Kesho yake nikaingia na kibao changu cha mbuzi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, cha kukunia nazi. Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma akainama chini ya dawati, akatoa mfuko uliojaa majani ya viazi vitamu. Alikuwa amemchumia mgeni.

"Mwalimu, umetudanganya!"

Nikaiandika ile sentensi ubaoni vilevile nilivyoitamka, tukaichunguza. Nilisema *nitaleta*, sikusema *nitamleta*. Ningeongeza hiyo *-m-*, ungekuwa uongo kweli na wangekuwa na haki ya kunidai mbuzi mwenye ndevu. Bila hiyo *-m-*, wao walisikia mnyama, mimi nilimaanisha chombo, na sote tulikuwa sahihi. Hapo ndipo somo lilipoanzia.

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka mingi, na pembeni naandika hadithi fupi za watoto. Kazi hizi mbili hugombana kila tunapofika kwenye vitawe, yale maneno yenye maana zaidi ya moja. Darasani tumezoea swali la mtihani: "Tunga sentensi mbili kubainisha maana tofauti za neno *kaa*." Mtoto anaandika kwamba kaa ni mnyama wa baharini, na kwamba kaa la moto limemchoma mpishi. Anapata alama zake, anasonga mbele. Sina ugomvi na swali lenyewe. Ila limemfundisha kutenganisha maana, na mwandishi anayetaka kuchekesha hufanya kinyume chake: anaziweka maana mbili ndani ya sentensi moja na kuziacha zigombanie nafasi. Watoto wetu wanajua orodha ndefu za vitawe, lakini ukiwaambia watunge mzaha kwa neno moja tu kati ya hayo wanakutazama kana kwamba umewauliza habari za mwezini.

Kinachowashinda, kwa maoni yangu, ni ngeli. Kiswahili kina tabia ya kuchongea. Ukitaja *paa* tu, hatujui kama ni swala au ni mabati. Ongeza neno moja, siri imefichuka: paa *huyu*, paa *hili*. Mbuzi *huyu* anakula majani, mbuzi *hii* inakuna nazi. Ua *hili* linanukia, ua *huu* umeizunguka nyumba. Kwa hiyo anayetaka kucheza na maneno lazima ajue ni viungo gani vya sentensi vinavyochongea, avikwepe mpaka mwisho. Hili silioni likifundishwa popote, ilhali watoto wanalielewa upesi kuliko sarufi yoyote ninayowapa, kwa sababu safari hii sarufi ina faida: ukikosea ngeli, hakuna anayecheka.

Mfano ninaoupenda ni wa *nyanya*. Kwetu Kenya neno hilo ni tunda la kachumbari na pia ni mzazi wa mzazi wako. (Msomaji wa Tanzania, najua kwenu huyo ni bibi, kwa hiyo mzaha huu unaweza kukwama mpakani Namanga.) Uzuri wake ni kwamba majina mengi ya undugu huchukua *yangu*, sawa na vitu vya ngeli ya I-ZI. Nyanya yangu aliyenilea na nyanya yangu niliyoinunua sokoni hutamkwa sawa kabisa, mpaka kitenzi kifike. Basi niliwapa watoto mazungumzo haya:

"Mama, nyanya yangu wapi?"

"Nimeikata."

Kwanza tulitazama swali. Mtoto hakuuliza *yuko wapi* wala *iko wapi*. Amekiruka kile kitenzi kinachochongea, kama tunavyoongea nyumbani kila siku, kwa hiyo msomaji bado yuko njia panda. Kisha likaja jibu. Niliifuta *-i-* nikaandika *-m-*: "Nimemkata." Darasa zima lilishika vinywa. Herufi moja, na mboga imegeuka kesi ya polisi. Tulibaki hapo karibu dakika ishirini tukijaribu majibu: *nimeiosha*, *nimemwosha*, *nimeipeleka kwa jirani*, *imeoza*. Mtoto mmoja aligundua mwenyewe kwamba jibu refu linaua mzaha. "Nimeikata kwa sababu nilikuwa natengeneza kachumbari" halichekeshi mtu. Sikuwa nimepanga kufundisha hilo siku hiyo.

Vitanza ndimi huwa navipa dakika tano tu za kuchangamsha vinywa. "Wale wari wa Liwali wala wali wa Liwali" ni mchezo wa sauti, na una raha yake. Hapo nina sheria moja: hatumcheki mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi *r* na *l*. Huo si mchezo wa maneno.

Kuna mizaha inayoishi kwenye karatasi peke yake. *Barabara* ya magari, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. *Barabara* ya "sawasawa", mkazo unasogea nyuma, *barábara*. Ukiandika "Dereva huyu anajua barabara", macho yana njia mbili, lakini ukisoma kwa sauti lazima uchague moja. Watoto hupenda kubishania nani asome na asomeje. Na koma nayo: "Baba Juma amekuja" na "Baba, Juma amekuja" ni wageni wawili tofauti mlangoni.

Mchezo wa neno ukikua, unaweza kubeba hadithi nzima. Hapo namwita Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anacheka moyoni, anapokea zote mbili. Siku nyingine Abunuwasi anaiazima tena, safari hii hairudi. Imekufa, anasema. Jirani anang'aka: sufuria hufaje? Na jibu mnalijua: uliyekubali kwamba imezaa, utakataaje kwamba imekufa?

Niliwauliza watoto mtego ulitegwa wapi. Wengi walisema kwenye *imekufa*. Tukarudi nyuma tukaona kwamba ulitegwa kwenye *imezaa*, siku ile jirani alipolikubali neno bila kuliuliza kwa kuwa lilikuwa na faida kwake. Abunuwasi hakuongeza hila yoyote. Alisubiri tu neno lizeeke. Baada ya hapo niliwapa kazi: tafuta neno tunalolitumia kwa kitu kisicho na uhai, kisha lifuate mpaka mwisho wake. Saa *inatembea*, je, huchoka? Simu *imelala*, nani ataiamsha? Mmoja akaandika juu ya bei iliyo*panda* mpaka ikaogopa kushuka. Nilimwambia mama yake amtunze huyo.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo ilinifunza kitu. Zaidi ya nusu ya darasa hawakuwahi kuiona. Nyumbani kwao tui linatoka kwenye pakiti, au nazi inasagwa kwenye blenda. Mchezo wa maneno unahitaji msomaji azijue maana zote mbili *kabla* hujaanza kumchezea, maana mzaha unaohitaji kuelezwa ushakufa. Ndiyo maana sitoi tena vitawe kutoka kwenye orodha ya kitabu. Watoto hukusanya vyao, kutoka jikoni, stejini, kwenye matatu.

Wiki iliyofuata nilisahihisha sentensi zao. Yule binti wa majani ya viazi alichagua *mto*, chaguo la kijanja, kwa kuwa mto wa maji na mto wa kulalia iko ngeli moja, mto *huu* na mto *huu*, na hakuna kiambishi cha kuichongea. Aliandika:

"Mto wa kaka yangu haukauki hata kiangazi."

Nikamwita mezani. Nikamuuliza, kwa sauti yangu ya mtihani, ni mto upi anaousema.

"Mwalimu," akanong'ona, "kaka yangu yuko Gredi ya Sita. Nikikwambia, ataniua."