Nani atakayepandikiza kiinitete chako?

Wenzi wanaotafuta mtoto huniuliza sana kuhusu dawa na mashine. Ni wachache wanaouliza nani atakayepandikiza kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara na kuanza kukua, ndani ya mji wa mimba siku hiyo. Mimi ningeanza na hilo.

Tangu mwaka 1978, alipozaliwa Louise Brown kule Uingereza, mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa nje ya mwili, maabara zimebadilika mno. Kupandikiza kumebaki kazi ya mkono. Huchukua dakika chache tu, lakini kukifanywa vibaya, jitihada za wiki kadhaa zinapotea.

Daktari hupitisha mpira laini na mwembamba kwenye shingo ya kizazi hadi ndani ya mji wa mimba. Ncha yake inatakiwa iishie kama sentimita 1 hadi 2 kabla ya ukuta wa juu. Ikiugusa ukuta huo, misuli hujikaza na kiinitete kinaweza kusukumwa kutoka mahali pake. Kwa hiyo hatulazimishi njia. Mara nyingi mgonjwa huambiwa aje kibofu kikiwa kimejaa: kizazi kilichoinamia mbele hunyooka, na picha ya ultrasaundi huonekana vizuri. Mpira ukitoka, mtaalamu wa maabara huukagua kwa hadubini, maana kiinitete huweza kunasa humo. Daktari mzoefu huwa ameipima njia mapema kwa mpira mtupu, hivyo anajua shingo inapinda wapi.

Tafiti zimeonyesha kuwa hata ndani ya kliniki moja, viwango vya kushika mimba hutofautiana kati ya daktari na daktari. Wala si suala la mvi: miaka mingi kazini bila kufuatilia matokeo yako haikufundishi kitu.

Ustadi mwingine hauonekani kwa macho, nao ni kujua wakati wa kusubiri. Ovari zikiitikia dawa za kukuza mayai kupita kiasi, maji yanaweza kujaa tumboni, na mimba huzidisha hali hiyo. Hapo daktari makini hugandisha viinitete vyote na kuahirisha, hata kama wenzi wanalia wakitaka kuendelea. Namheshimu sana daktari wa namna hiyo.

Hata hivyo, umri wa mayai una uzito kuliko mkono wa yeyote kati yetu. Anayekuahidi mimba kwa sababu yeye ni bingwa, usimwamini.