Nyumba ya kale inapofunguliwa kwa umma

Ukipita Barabara ya Mizingani karibu na bandari ya Unguja, utaliona jengo lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi na vioo vya rangi. Ni Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyewahi kusimamia ushuru wa forodha wa Sultani. Alifariki mwaka 1891 kazi ikiwa haijaisha, na mjane wake ndiye aliyeikamilisha. Baadaye chini kukawa dispensari na juu makazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likawa mikononi mwa serikali, likachakaa hadi kutishia kuanguka. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan Trust for Culture lililikarabati, likageuzwa kituo cha utamaduni.

Watu wengi huamini kwamba kazi ya namna hii ni kupaka rangi na kubadilisha milango. Sisi wa uhifadhi tunaanza na maji. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta huo hunyonya unyevu wa ardhini na wa mvua, kisha huutoa polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukipiga plasta ya saruji juu yake, umeuziba pumzi. Unyevu unakwama ndani, chumvi inachimba mawe, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza bila mtu kuona. Nje ukuta unang'aa. Siku boriti inapokatika, lawama inaangukia uzee wa nyumba, na uzee hauna kosa.

Kwa hiyo saruji huchokolewa kwa mkono, taratibu, na chokaa hurudishwa tabaka kwa tabaka. Kila tabaka lazima likauke kabla ya lingine. Mfadhili mwenye haraka hapendi kusikia hayo, lakini chokaa haina njia ya mkato.

Jambo la pili ni uzito, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Nyumba ya kale ilijengwa kwa familia. Boriti za mikoko hazivuki upana wa kama mita 3, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Viwango vya uhandisi vya Uingereza hukadiria kwamba sakafu ya makazi ibebe kama kilo 150 kwa kila mita ya mraba, lakini ukumbi wa watu kusimama ubebe kama kilo 500. Zaidi ya mara 3! Nyumba iliyobeba ukoo mmoja kwa miaka 100 haiwezi kubebeshwa wageni 200 wa usiku wa taarabu kwa sababu tu imepakwa chokaa mpya.

Hatujasahau Beit al-Ajaib. Jumba hilo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 lilikuwa makumbusho, likafungwa baada ya sehemu yake kuanguka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakapoteza maisha. Jengo lililodhoofika huweza kuwa hatarini zaidi wakati linapotibiwa kuliko wakati limeachwa. Egemeo la kuushika ukuta hutangulia nyundo.

Basi wageni 200 wakae wapi? Jibu langu ni uani. Vyoo, ngazi ya pili ya kukimbia moto, lifti, jenereta na ukumbi mkubwa viwekwe katika jengo jipya nyuma, ili vyumba vya zamani vibaki na kazi nyepesi: maktaba ndogo, maonyesho, darasa la watu wachache. Jengo hilo jipya lisimame kwa msingi wake lenyewe, liachane na ukuta wa kale kwa mwanya mdogo, maana majengo mawili ya umri tofauti hayatulii ardhini kwa mwendo mmoja. Yakifungamanishwa, ufa huja, na huja upande wa nyumba kongwe. Lisizidi urefu wa nyumba kongwe, wala lisiibe upepo wa ua, maana ua ndio unaopoza nyumba nzima.

Na lisijifanye la kale. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa uhifadhi wa majengo ya kale, unaagiza kwamba kinachoongezwa kisiharibu mizani ya jengo, na sehemu inayojazwa mahali pa iliyopotea ipatane na jengo zima lakini itambulike kuwa si ya asili. Nakshi za kuigiza kwa zege humdanganya mtoto anayekuja kujifunza historia, na zinamdhulumu fundi wa leo anayeweza kuchonga kitu cha wakati wake.

Kamati zinazopokea nyumba kama hizi huwa na bajeti ya sherehe ya ufunguzi, lakini mara chache nimeona bajeti ya mlizamu. Kabla ya kila masika apande mtu juu ya paa, asafishe majani, atazame kama maji ya mlizamu yanamwagika mbali na ukuta, azibe nyufa kwa chokaa wakati bado ni nyembamba. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa mafundi wawili, na iandikwe katika mkataba wa matumizi kabla ya funguo kukabidhiwa.