Kukazia hukumu si kuongeza adhabu

Kukazia hukumu ni hatua ambayo mtu aliyeshinda shauri la madai huiomba mahakama itumie nguvu yake ili aliyeshindwa atimize alichoamriwa: alipe deni, akabidhi kiwanja au ahame nyumba. Maana yenyewe haina zaidi ya hayo. Naieleza kwa sababu nimesikia mara nyingi mno, na wiki iliyopita tena kutoka kwa mtangazaji wa redio, kwamba mahakama "imekazia hukumu" ya mtu fulani, akikusudia kwamba rufaa yake imegonga mwamba na adhabu imezidi kuwa kali.

Kosa linaanzia kwenye kitenzi. Tumezoea kukaza kwa maana ya ukali na nguvu: kukaza sura, kukaza mwendo, kukaza uzi. Lakini anayekaza fundo haongezi kamba. Huizuia ile iliyopo isifunguke. Nalo neno hukumu lina asili inayokaribiana na hiyo, kwani limetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia hakimu, mahakama na hekima, na wenye kamusi za Kiarabu huunasibisha mzizi huo na kuzuia: hakama ni sehemu ya hatamu inayomzuia farasi asiponyoke. Katika maneno hayo mawili, basi, hamna adhabu hata kidogo. Adhabu ni ya jinai, ambako kuna mshtakiwa na hatia; katika madai kuna mdai na mdaiwa, na mdaiwa aliyeshindwa hana hatia, ana wajibu.

Tofauti hii haiwahusu wanasarufi peke yao. Namjua mama mmoja aliyeshinda shauri la mkopo, akaiweka nakala ya hukumu katika faili la plastiki chini ya godoro, akangoja miaka mitatu mahakama impelekee fedha zake. Hakuna aliyemwambia kwamba katika madai mahakama husubiri kuombwa. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ni yeye aliyepaswa kupeleka maombi na kutaja njia anayoitaka: mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama, fedha zake zilizoko benki zizuiwe, au mdaiwa mwenyewe apelekwe kifungo cha madai. Hata kifungo hicho, kinachowatisha wengi, hakikuwekwa kuwa adhabu: mdai ndiye anayetoa fedha za kumlisha mfungwa, na mfungwa akitoka, deni linabaki palepale. Wala dalali hachukui kila anachokikuta nyumbani. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na zana za fundi, haviguswi.

Mtangazaji yule hakukosa maneno ya kutumia. Rufaa ikikataliwa, mahakama imeithibitisha hukumu. Miaka ya kifungo ikizidishwa, imeongeza adhabu. Neno kukazia amwachie yule mama mwenye faili, ambaye ndiye hasa mwenye haja nalo.