Kisu Chenye Ukungu: Tamthilia ya Korea Imepita kwa Nani Kabla ya Kukufikia?

Katika malalamiko yanayofika mezani kwetu kuhusu tamthilia za Asia, moja limezidi mengine: "Mbona mnaziba picha?" Mhuni ameshika kisu, kisu kimefunikwa ukungu. Mzee anavuta sigara. Moshi unaonekana, sigara haionekani. Mtazamaji anahitimisha kwamba wakaguzi wa hapa wameharibu kazi ya watu.

Tunaomba lieleweke, maana tumeshalijibu mara nyingi: ukungu huo umewekwa Korea Kusini, na wenyeji wanaitazama tamthilia yao hivyo hivyo.

Mara nyingine utaona pia tarakimu kwenye kona ya kioo: 7, 12, 15 au 19. Huo ni umri. Daraja hilo halipangwi na serikali; kituo hujipangia chenyewe, kisha hubeba lawama. Kipindi cha 19, kwa mfano, hakiruhusiwi kurushwa siku za shule kati ya saa 7 mchana na saa 4 usiku. Anayekiuka kanuni za maudhui huadhibiwa baada ya kurusha, na adhabu zina ngazi. Karipio la chini hupunguza alama 1 katika tathmini ya kuhuisha leseni, onyo alama 2, kulazimishwa kusahihisha kipindi au kuwachukulia hatua wahusika alama 4, faini alama 10. Alama hizo hujumlishwa. Ndiyo maana mhariri hasubiri kuambiwa. Akiona kisu kinang'aa, anakifunika.

Kwa nini adhabu ije baadaye, isiwe ukaguzi wa mapema? Hapa ndipo historia inapoingia, na ndipo wengi wanapoacha kutusikiliza. Mwaka 1980, chini ya utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan, vituo binafsi viliunganishwa kwa amri. Kituo kimoja cha Seoul, TBC (si TBC yetu ya Tanzania), kilifanya matangazo yake ya mwisho Novemba 30. Kesho yake, Desemba 1, KBS, kituo cha umma, ikaanza kurusha picha za rangi. Wananchi wakapata rangi, wakapoteza sauti. Vyumba vya habari vilipelekewa maelekezo ya nini kiandikwe na nini kiachwe, na taarifa ya saa 3 usiku ikapewa jina la utani la mlio wa kengele na jina la rais, kwa sababu kengele ya saa ikishalia tu, jina la rais linafuata. Mwaka 1986 watu waligoma kulipa ada ya televisheni. Demokrasia ikarudi 1987, na Oktoba 1996 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba serikali kukagua filamu kabla ya kuonyeshwa ni kinyume cha katiba.

Kwa hiyo ukungu ule, ambao hata sisi wakati mwingine tunauona umezidi, ni kazi ya kituo kinachojizuia.

China ni habari nyingine kabisa, na kuziita tamthilia zote za Asia "za Kichina" ni kosa tunaloomba liachwe. Huko filamu hazina madaraja ya umri. Kibali kikitoka ni cha watu wote, mtoto na babu, hivyo mengi hukatwa tangu kwenye mswada, na mara nyingi huwezi kuona kilichokatwa. Tamthilia ya *Doudou na Mama Wakwe Zake*, iliyorushwa kwa Kiswahili Tanzania mwaka 2011 na ambayo Rais Xi Jinping aliitaja Dar es Salaam Machi 2013, haina ukungu wowote. Ni ugomvi wa mke na wakwe. Hilo nalo ni chaguo la mtu, la nini kivuke mpaka.

Ukitaka kulalamika, andika jina la tamthilia, sehemu, na dakika. "Juzi usiku" haitusaidii. Tutalinganisha na mkanda uliotoka kwa mwenye haki. Kama ukungu umo humo, tutakujibu hivyo kwa maandishi, na hatutauondoa: hatuna ruhusa, na picha ya chini yake hatujawahi kupewa.