Unga mweupe wa Ngomeni

Wanafunzi wakija Ngomeni, hapa kwetu kwenye makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna kisa kinachojirudia kila muhula. Mmoja hupitisha kiganja ukutani, akakitazama, akauliza: "Mwalimu, mbona ukuta unatoa unga?" Wenzake hucheka. Asikose mtundu wa kuonja, na uso ukishamkunjamana huwa hana haja ya kuambiwa. Ni chumvi.

Wageni wengi wakishapita lango la Ngome ya Yesu huenda moja kwa moja ukumbini, kwenye makabati yenye sahani za Kichina, vyungu na vitu vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani. Si vibaya. Ila kitu kikubwa kuliko vyote tunavyohifadhi hakiingii kabatini: ni jengo lenyewe. Eneo lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2011 kuwa Urithi wa Dunia, ngome pamoja na handaki lake, ni hekta 2.36.

Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 1593, enzi za Mfalme Philip II aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Aliyechora ramani ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka angani ngome hii ni kama mtu aliyelala chali, kichwa kakielekeza baharini. Ramani ilitoka ng'ambo, lakini mawe ni yetu. Ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kama ilivyo katika nyumba za kale za mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale.

Kila aliyeingia humu aliacha alama. Katika buruji ya San Mateus, moja ya ngome ndogo za pembeni, Wareno walichora ukutani meli na makanisa, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Mazrui, ukoo uliowahi kuitawala Mombasa, waliacha ukumbi wenye baraza za mawe. Waomani waliacha nyumba juu ya buruji nyingine, na hadi leo twaiita Nyumba ya Omani. Kati ya 1631 na 1895 ngome ilipokonywa mara tisa. Baadaye Waingereza wakaifanya jela, na jela ilibaki hadi 1958. Makumbusho yakafunguliwa 1960.

Watu wakiulizia vita, mimi huwapeleka kwenye ule mzingiro wa Waomani ulioanza Machi 1696 na kwisha Desemba 1698, miezi 33. Tumezoea kuusimulia kama ugomvi wa Mreno na Mwarabu, Mswahili akiwa mtazamaji. Sivyo. Ndani ya ngome walikuwamo Waswahili wa Faza, mji wa kisiwani Pate, waliokuwa upande wa Wareno. Mwaka 1697, maradhi yalipowamaliza Wareno pamoja na kapteni wao, amri ya ngome ilishikwa na Bwana Daud wa Faza hadi msaada wa Wareno ulipofika. Waliokuwa nje wakiizingira nao hawakuwa Waomani watupu. Historia ya pwani haigawanyiki vizuri hivyo, na nadhani ndiyo sababu vitabu vya shule huiruka sehemu hii.

Meli moja ya msaada huo, Santo António de Tanná, ilizama mwaka huo huo, chini kabisa ya ngome. Ilichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vyake vipo ukumbini, na gofu lake tuliliacha limefunikwa mchangani. Watu hulalamika: mbona hamkulitoa? Kwa sababu mbao iliyolowa maji ya chumvi karne tatu ukiiacha ikauke juani itajikunja na kupasuka. Chuma nacho chumvi hukichochea kutu. Na kwenye vyungu, chumvi iliyomo hugeuka fuwele, fuwele hukua, na kinachoibeba humeguka kutoka ndani. Ndiyo maana kitu cha baharini hulowekwa kwanza kwenye maji yasiyo na chumvi, maji yakibadilishwa tena na tena, kazi ya miezi na pengine miaka.

Sasa rudi kwenye ule unga ukutani. Tumbawe lina vitundu, nalo hunyonya maji kutoka ardhini na unyevu wa bahari. Maji yakitoka upande wa nje huacha chumvi yake pale yalipokaukia. Plasta ya chokaa ni laini na inapumua, basi maji hupita na chumvi huishia juu juu. Ukiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Chumvi hubaki nyuma ya plasta na kuanza kulila jiwe. Nje waona ukuta mzuri, mgumu, kumbe ndani pashakuwa mchanga.

Hili si la ngome peke yake. Niliwahi kuitwa Mji wa Kale na mzee mmoja ambaye fundi alimpigia saruji ukuta mzima wa chini, tena kwa bei ya kuumiza. Baada ya misimu michache ya masika, unyevu ulikuwa umepanda hadi ghorofani na vichwa vya boriti vimeanza kuoza. Ilibidi saruji ibanduliwe yote, na mawe kadhaa yakaja nayo.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya matumbawe, kabla hujanunua mfuko wa saruji, pitia Ofisi ya Uhifadhi wa Mji wa Kale uulize. Tafuta fundi ajuaye chokaa. Apige tabaka jembamba, alinyunyizie maji, asubiri, ndipo aongeze jingine. Chokaa hukazwa na hewa polepole, na fundi mwenye haraka hataki kusikia hilo. Plasta hiyo ikija kubanduka baada ya miaka, usimkasirikie. Imebeba chumvi na imeanguka nayo, jiwe limebaki zima. Fagia, upige nyingine.